Hata Ganda la Iliki

Sahani ilirudi tupu tena, safi kama imetoka dukani. Bi Mardhiya aliipeleka dirishani akaikagua. Hapakuwa na punje ya wali wala kijiti cha mdalasini. Hata maganda ya iliki hayakurudi.

"Mwanamume gani huyu anayetafuna mpaka mdalasini?" aliuliza wifi yake, Ummukulthum.

"Mwenye mapenzi," alijibu Mardhiya, akauficha uso kwa mtandio.

Mwenyewe alikuwa Dakta Joost Terpstra, jirani yao hapo mtaani Kenton, ughaibuni, mwanabiokemia wa Kiholanzi asiyeweza kusema na mwanamke bila kutazama viatu vyake. Mardhiya, mjane aliyekimbia Unguja baada ya mapinduzi, alimpelekea sahani ya pilau siku ya Idi, mwaka 1968. Kesho yake Dakta akabisha hodi. Je, angeweza kupata nyingine kila Jumatatu, aende nayo kazini? Nazi angeleta yeye.

Tangu hapo sahani zilirudi na vikaratasi. "Tui liwe zito zaidi." "Wiki hii bila chumvi." "Hii imeshinda zote!" Mardhiya aliviweka kwenye mkebe wa udi, akivisoma kama barua. Nani angemlaumu?

Dakta naye alipanda cheo. Sahani ya kwanza ilimkuta mhadhiri mdogo aliyetoka kwao Leiden majuzi. Ya mia tatu ikamkuta profesa.

"Mkono wangu huo," Mardhiya alisema, wala hakukosea.

Ndiyo maana alimkataa Msabaha, kondakta wa basi, aliyemposa mara mbili. Ilimuuma kidogo, maana Msabaha alikuwa mtu mwema. Lakini alikuwa akipanga iliki ukingoni mwa sahani, kisha anasema pilau imezidi chumvi.

Kikaratasi cha mwisho kilisema: "Njoo chuoni Alhamisi, kwenye hotuba yangu ya uprofesa. Nitakushukuru mbele ya watu wote."

"Dalili ya mvua ni mawingu," alisema Ummukulthum. "Lakini wifi, this man si Muislamu."

"Atasilimu. Aliyeiweza pilau yangu hashindwi na shahada."

Alhamisi Mardhiya alivaa hariri, akajifukiza udi, akaketi mstari wa mbele. Profesa alisimama, akavitazama viatu vyake, akasema kwamba kila alichokipata katika elimu kimetoka kwenye mikono ya Bi Mardhiya. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mardhiya akainamisha kichwa kama biharusi.

"Na sasa," alisema Profesa, "niruhusuni niwaonyeshe waliokula chakula chake miaka yote hii saba, bila kubakisha hata ganda la iliki."

Taa zikazimwa. Ukutani, pichani, wakajitokeza panya weupe wa maabara, safu kwa safu, wamenona vizuri.