Kanga Ndani ya Spika

Spika zote mbili zilikuwa zimewekewa sponji mpya, lakini moja ilitoa besi nzito na laini, na ya pili ilisikika kama debe. Fundi Makame akaifungua ile nzuri ajue siri yake. Alipoingiza mkono ndani ya boksi, akatoa kitambaa kilichojaa vumbi.

Bi Ruzuna, mwenye spika, aliinuka kitini. Ilikuwa kanga yake ya harusi, ile iliyoibwa kwenye kamba ya kuanikia nguo miaka ishirini na sita iliyopita.

"Marehemu mzee wako alijua kazi," fundi alisema. "Kitambaa ndani kinatuliza mwangwi."

Bi Ruzuna alikumbuka alivyokuwa akimlaani mwizi yule kila Ijumaa, na marehemu mumewe, ameketi kando ya spika zake, akiinua mikono na kuitikia amina kwa sauti kubwa. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

"Niikung'ute uondoke nayo, mama? Humu nitaweka pamba."

"Irudishe ilipokuwa, mwanangu. Ila hiyo spika nyingine ifungue, uiache wazi mpaka kesho." Akaichukua kanga, akaishika kidogo kabla hajamrudishia fundi. "Mungu amrehemu mwizi wangu."

"Amina," fundi akaitikia.

Kesho yake, kabla duka la fundi halijafunguliwa, Bi Ruzuna alikuwa mlangoni. Kwapani alikuwa na kipande cha pili cha doti ile, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimefukizwa udi.