Aliyengoja Zamu ya Gololi

Ukumbi mzima wa sinema ulikuwa ukicheka, na Saumu alicheka pamoja na dada yake, Mize. Mchekeshaji kwenye filamu alikuwa akihangaika na mashine ya mchezo, ile ya kurusha gololi ya chuma chini ya kioo. Kisha mtu aliyengoja zamu nyuma yake akasogea.

Kicheko kilimkauka Saumu. "Dada, yule ni mume wangu!"

"Shekue tulimzika, Saumu. Miaka sita sasa."

"Tulizika sanduku lililotoka ng'ambo limefungwa. Filamu hii ni ya mwaka huu!"

Saumu akayapita magoti ya watu hadi mbele kwenye skrini, akaweka kiganja kwenye shavu la Shekue. Taa za mashine zikamwekamweka juu ya vidole vyake.