Chura Aliyewatetea Mbu

Mbu walipomwambukiza ndama wake homa, Nyati aliitisha baraza, akataka mbu waangamizwe wote. Chura peke yake alipinga.

"Wazee wangu," alilia, "mbu wakiisha, mimi na wanangu tutakufa njaa!"

Wanyama wakaingiwa na huruma. Mara kumbikumbi akapita. Chura akamnasa kwa ulimi, akammeza, akaendelea kulia. Akaja nzi, naye akamezwa. Akafuata panzi.

"Bwana Chura," Nyati aliuliza, "mara ya mwisho ulikula mbu lini?"

Chura alifikiri sana. "Mwaka juzi," alisema kwa haya, "tena kwa kukosea."

Baraza zima likaangua kicheko. Chura naye akacheka hadi mbavu zikamuuma, kisha akaunga mkono mbu waangamizwe.

"Mlia njaa," Nyati akasema, "na ameze kwanza tonge lililo kinywani."