Sufuria ya Kambi ya Asali

Redempta alikuwa amechuchumaa nyuma ya rundo la mabeseni, kiganja mdomoni, akimsikiliza mumewe akichagua sufuria.

Hakuwa amepanga kujificha. Asubuhi hiyo walitoka pamoja Mgori kuja Singida mjini, yeye na kuku wake wanne wa kuuza, Bonaventura na viatu vyake vya kupeleka kwa fundi. Kuku walipokwisha, Redempta akaingia dukani kwa Mama Jatin kutafuta beseni. Ndipo akaisikia sauti ya mumewe upande wa pili wa rafu, mahali ambapo hapakuwa na fundi viatu hata wa dawa.

Sasa, Bonaventura na sufuria ni wapi na wapi! Huyu ni mwanamume ambaye kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa hajawahi kujua chumvi inakaa wapi. Redempta akiugua, bwana mkubwa hukaa nje na njaa yake mpaka jirani aingiwe na huruma. Mwanamume jikoni, kwake yeye, ni aibu ya ukoo mzima.

"Hii hapana, Mama Jatin," alikuwa akisema. "Kitako chembamba mno, ugali utashika chini kabla haujaiva. Na hii ina mikono ya plastiki. Ukiiweka kwenye mafiga inayeyuka yote."

"Chukua ya alumini basi. Bei nafuu."

"Alumini inabonyea. Tunafunga mizigo kwenye pikipiki, inafika porini imekunjamana. Nataka stili. Kitako kizito, mikono ya chuma, na mfuniko mpana ambao mtu anaweza kuugeuza sahani."

Akasikika akigonga moja kwa kidole, kisha nyingine, taratibu, kama anayechagua tikiti maji. Mama Jatin, aliyekuwa ameuza vyombo tangu usichana wake, akaangua kicheko.

"Baba Jesca, nani amekufundisha haya yote?"

Sufuria ikasikika ikiwekwa chini.

"Yupo mpishi wetu kule kambi ya asali," Bonaventura alisema, sauti imeshuka. "Hodari kweli kweli. Akipika maharage, watu wanalamba mpaka mwiko. Mwaka jana sufuria mbovu ilimuunguzia chakula, karibu alie. Nimeapa mwaka huu apate nzuri."

"Na mkeo anamjua?"

"Redempta? Thubutu! Akijua nimekwisha. Uso wangu nitauweka wapi?"

Redempta akajikunyata zaidi nyuma ya mabeseni. Alisubiri mpaka mumewe atoke, akatoka na yeye bila beseni.

Nyumbani alishika ufagio, akafagia uwanja. Bonaventura alirudi na viatu vinavyong'aa na gunia alilosema ni vifaa vya kurinia asali, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Siku mbili baadaye akaondoka na wenzake, Gervas na Filipo, kuelekea msituni. Wiki mbili, alisema, kama kila mwaka.

Sufuria peke yake Redempta angeimeza. Lakini jioni hiyo alikwenda kuanua nguo, akakuta kanga yake ya bluu yenye michoro ya korosho haipo kwenye kamba. Hapo ndipo alipolia. Alimpenda mwanamume yule, pamoja na mikono yake isiyojua kuwasha hata jiko, na aliogopa kumpoteza kwa mtu anayejua kupika maharage. Aliyaonja ya kwake yaliyokuwa jikoni. Hayakuwa na chumvi.

Siku ya tatu akaamua. Alimkodi Nathanaeli wa bodaboda mpaka barabara ilipoishia, akashuka, akajifunga kibwebwe, akaendelea kwa miguu. Atachukua kanga yake, kisha atamchukua mume wake. Huyo mpishi atajua mwenyewe pa kwenda.

Kambini aliwakuta Gervas na Filipo wakichuja asali. Walipomwona walisimama wima wote wawili.

"Shemeji!" Gervas alisema, akisogea haraka kumzibia njia. "Karibu. Kaa hapa kwanza upumzike, tukuletee maji."

"Sina kiu."

Nyuma ya turubai moshi ulikuwa ukipanda, na kitunguu kilinukia vizuri mno, vizuri kuliko Redempta alivyotaka kukubali.

"Bonaventura ameenda mbali, kwenye mizinga," Filipo alijitolea kusema. "Atarudi jioni."

"Sijamuulizia Bonaventura. Nimemfuata mpishi wenu. Yuko wapi?"

Gervas aliutazama moshi. Filipo alitazama vidole vyake vya miguu. Redempta akawapita katikati kama vile hawapo.

Nyuma ya turubai, kwenye mafiga matatu, sufuria ya stili iling'aa, kitako kizito, mikono ya chuma. Mtu alikuwa ameiinamia, mgongo kwake, kitambaa kichwani kwa sababu ya moshi, kanga ya bluu yenye korosho imezungushwa kiunoni na kufungwa vizuri. Alikuwa akisonga ugali kwa madaha huku akiimba puani, kama mtu aliye kwake.

Redempta alipiga hatua mbili. Aliikamata kanga yake, akaivuta kwa nguvu zote za miaka ishirini na miwili.

Mpishi akageuka, mwiko mkononi, unga mpaka kwenye sharubu.

"Mama Jesca," alisema Bonaventura, "niachie kwanza nimalize kusonga. Utashika chini."