Mchuzi wa Sikitu

Tangu augue homa mwezi uliopita, Sikitu hakusikia tena ladha ya chakula, na darasani hakumwambia mtu. Alikuwa ametafuta kazi miaka mitatu kabla ya kupata mafunzo haya ya upishi. Siku ya mtihani, mpishi mkuu wa hoteli moja alikuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kumwajiri.

Sikitu alisimama mbele ya sufuria ya mchuzi wa samaki, chumvi mkononi.

“Mwalimu, nionjee kidogo tu,” alinong’ona.

Bi Mosi alimtazama, akaelewa yote. “Mwanangu, leo siruhusiwi.” Machozi yakamlengalenga mwalimu.

Sikitu akatia chumvi kwa kukisia. Mpishi mkuu akachota, akaonja, akafumba macho. Sikitu akabaki ameukodolea macho mdomo wake, kana kwamba ladha ingeonekana pale.