Skrini Yetu Imewaka Nyekundu

Skrini ya ukutani ikiwaka nyekundu, nyumba inatakiwa imtoe mtu mmoja kabla ya Ijumaa, na mnachagua wenyewe. Yetu imewaka Jumatatu. Mama akaweka boksi la vifaranga chini yake, eti kwenye mwanga mwekundu hawadonoani. Dada yangu Mwanaidi naye anajipigia picha hapo.

"Ngozi inatoka bomba," anasema.

"Nyie mna wazimu? Tuongee nani anaenda."

"Kula kwanza, Shomari," Mama akasema. "Mtu haongei hayo na njaa."

Akaniwekea nyama yake, na ya Mwanaidi pia. Mwanaidi hakulalamika. Nikala.

Leo Alhamisi asubuhi nimekuta begi langu mlangoni. Nguo zangu zote zimefuliwa, zimepigwa pasi.