Njia ya Mlimani kwenda Lalago

Maneno yenyewe aliyaleta Sikuzani, muuza vitenge wa soko la Bariadi: kwamba Winnie, binti wa pekee wa Mektilda, ana mwanaume. Na kwamba mwanaume huyo kaapa, siku Winnie akihamishwa kutoka mjini, atamchukua barabarani.

"Sura yake ikoje?" Mektilda akauliza.

"Nani amwone, mama? Akikuona wewe kwa mbali, anapotea kama panya."

Siku tatu Mektilda hakugusa ugali. Mjane, mtoto mmoja, halafu aje aibiwe na mtu asiye na uso wala ng'ombe! Siku ya nne akaamua: Winnie aende Lalago kwa mjomba wake Mayala, akae huko mpaka apatikane mchumba anayeeleweka. Winnie hakubisha. Hata gari alitafuta yeye mwenyewe, kwa simu. Na mama mzima, na akili zake, hilo halikumshtua.

Ikaja Probox nyeupe na dereva wake, kijana anaitwa Maduhu. Mektilda akampa mkono. Kijana akatazama matairi.

"Mwambie mama akae nyuma," akamwambia Winnie.

"Mimi si nipo hapa? Niambie mwenyewe!"

Dereva akawasha gari.

Hakuna alichokipenda kwa dereva yule. Kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma alikuwa amekigeuza, kinaangalia paa.

"Wewe, utajuaje kama kuna lori nyuma? Leseni ulipewa au uliokota?"

Alipoulizwa kwao ni wapi, alimjibu Winnie. Alipoambiwa apunguze mwendo, alipunguza. Mektilda akasema vijana wa siku hizi wamelelewa na simu, ndiyo maana salamu hawazijui.

Lagangabilili wakasimama kula. Mektilda akafungua hotipoti: kuku wa kienyeji na matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemshwa na kukaushwa.

"Mpe na huyo bubu wako."

Dereva akapokea paja la kuku kutoka mkono wa Winnie, akaenda kulila nyuma ya gari, kachuchumaa, kageuza mgongo.

"Anakula kama mwizi," Mektilda akasema kwa sauti, ili asikie.

Hapo ndipo Winnie akaleta habari ya mlima. Mbele kidogo kuna njia inachepuka, inapanda, inazunguka mlima mzima, halafu inarudi barabara ya Lalago. Ni saa moja na nusu zaidi. Lakini juu kule, mama! Unaona mashamba ya pamba yote, ng'ombe wamekuwa wadogo kama punje za mtama.

"Nizunguke saa moja na nusu nikatazame mawe? Mawe yapo nyuma ya choo changu. Na ng'ombe mdogo kama mtama ana faida gani?"

"Watu wanatoka Mwanza kuja kupiga picha."

"Watu wa Mwanza hawana kazi."

Winnie akabonyeza simu yake. Kisha akasema taratibu, "Sawa, tupite ya chini. Ila naambiwa kuna mtu na pikipiki anatusubiri huko mbele, barabara ya chini."

Mektilda akaacha kutafuna. Akapiga hesabu pale pale: mwizi yuko chini, mlima uko juu. Akaona ujanja wote wa Simiyu umeshushwa kichwani kwake peke yake. Akafunga hotipoti.

"Dereva! Panda mlima. Na mtu akikuuliza, sisi hatujapita hapa."

Dereva akapanda.

Juu, Winnie akapiga picha. Upepo ulikuwa mzuri, tusiseme uongo, na pamba ya chini ilikuwa imepasuka, nyeupe mpaka macho yanauma. Mektilda hakushuka hata mguu. Alikuwa amegeukia kioo cha nyuma, anachungulia kama kuna pikipiki inawafuata. Haikuwapo. Akacheka peke yake.

"Asubiri huko chini mpaka aote mizizi!"

Upande wa pili wa mlima, Winnie akasema rejeta inataka maji. Wakaingia kwenye mji mkubwa wa mtu, boma lenye uzio wa minyaa. Kabla Mektilda hajafungua mlango, wanawake walikuwa wametoka na vigelegele. Mwenye mji, mzee wa makamo na fimbo yake, akasogea, akamsalimu Mektilda Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Karibu. Tunawasubiri tangu saa nne. Ng'ombe wa Winnie wale pale zizini, ishirini na wawili. Kaka yako ameshawakagua."

Kweli. Mayala wa Lalago alikuwa kwenye kigoda, anatafuna nyama, hana hata aibu.

"Yuko wapi huyo mwanaume?" Mektilda akafoka. "Nionyesheni uso wake!"

Hakuna aliyemwonyesha.

Kina mama wenzangu mnaosafirisha mabinti, epukeni haya:

Kumwachia binti atafute gari.

Kusema mlima hauna faida, halafu mkaupanda kwa akili zenu wenyewe.

Kumkimbia mtu ambaye sura yake hamuijui.

Kumwita mwizi dereva asiyewapa mkono, asiyewatazama usoni, asiyekula mbele yenu. Mkwe wa Kisukuma aliyelelewa vizuri, akafundishwa kumkwepa mama mkwe kwa heshima, angefanya nini kingine?